Ngozi Haingoji, Fundi Hungojwa

NDUGU msomaji, msafiri atokaye mjini Arusha kuelekea Moshi, akisha kuipita Usa River, hufika mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina hilo limetokana na mto utiririkao hapo kutoka mteremko wa mlima Meru, ambao maji yake yana rangi ya chai ya mkandaa. Karibu na hapo ndipo barabara ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha inapoiacha barabara kuu na kupanda taratibu, kati ya migomba na mibuni, hadi lango la Ngurdoto.

Baba yangu amejenga Maji ya Chai. Wakati wa likizo ya Desemba nilikwenda huko na watoto kumsalimu babu yao, na siku ya tatu tukapanda hadi penye lango hilo. Pana jumba dogo la makumbusho ambamo wamewekwa viumbe waliokaushwa, ili mgeni awatazame kwa utulivu kabla hajakutana na wenzao walio hai mwituni. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 8, alisimama mbele ya ndege mmoja kwa muda mrefu, kisha akauliza: “Baba, huyu walimtengeneza kwa siku ngapi?”

Nikamjibu, “Siku nyingi, mwanangu.” Hilo ni jibu la mzazi asiyejua.

Lakini swali lile halikuniacha. Nyumbani kwa babu yake, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, imesimamishwa ngozi moja ya fahali ambayo ni ushahidi dhidi ya mtu mmoja asiyejua kusubiri. Mtu huyo ni mimi. Habari zake nitakusimulia mbele. Kwanza tulijibu swali la mtoto.

MUDA WENYEWE

Jibu fupi ni hili. Kichwa cha mnyama pamoja na shingo na mabega, yaani kile kitundikwacho ukutani, aghalabu humalizika baada ya miezi 6 hadi 12 tangu ngozi ifike mikononi mwa fundi wa kukausha wanyama. Mnyama mzima aliye mkubwa, kama vile simba au nyati, huchukua mwaka mmoja au zaidi. Mwindaji mgeni aliyewinda Tanzania na kutaka kazi ifanyiwe kwao Ulaya au Marekani asishangae akisubiri mwaka mmoja na nusu, hata miwili, kwa kuwa ngozi yake hapana budi isafiri kwanza. Ndege mdogo, ambaye ngozi yake ni nyembamba kama karatasi, huweza kuwa tayari mapema zaidi: kazi ya mikono ni ya siku chache, na muda uliosalia ni wa kukauka.

Yamkini utasema: mwaka mzima kwa kichwa kimoja! Seremala katika muda huo angalikwisha kutengeneza vitanda vya mtaa mzima. Ni kweli. Lakini ukitaka kuielewa kazi hii, igawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la saa, na fungu la pili ni la miezi. Katika la kwanza haifai kungoja hata kidogo. Katika la pili haifai kuharakisha hata kidogo. Hasara nyingi hutokea kwa sababu watu hufanya kinyume. Hulala pale wanapotakiwa kukimbia, kisha wakakimbia pale wanapotakiwa kutulia.

SAA ZA MWANZO

Mnyama akisha kufa, joto la mwili wake halitoki mara moja. Chini ya ngozi, bakteria huanza kazi yao papo hapo, na katika nchi yenye jua kama yetu saa chache zatosha kuifanya ngozi iharibike bila mtu kuiona. Dalili hujitokeza baadaye: fundi huishika ngozi, na manyoya yakabaki mkononi mwake. Yakisha kulegea mizizi hivyo, hakuna dawa itakayoyarudisha. Fundi hodari kuliko wote duniani hawezi kuokoa ngozi iliyoozea kwa mwenyewe.

Kwa hiyo mchunaji mwema huchuna kivulini na kwa haraka. Huondoa kila kipande cha nyama na mafuta. Huyageuza masikio ndani nje kama mtu ageuzavyo mfuko, akaipasua midomo na pua kwa ndani, kwa kuwa hapo ndipo nyama hujificha na kuoza. Kisha huisugua ngozi kwa chumvi nyingi, kiasi kinachokaribia uzito wa ngozi yenyewe. Siku ya pili huikung'uta chumvi iliyolowa maji, akatia nyingine kavu. Ndipo huianika mahali pa kivuli penye upepo, asithubutu kuiweka juani, kwani jua huikausha upande wa nje na kuuacha wa ndani ukioza.

Jinsi chumvi ilivyo na thamani katika kazi hii, tazama safari ya Theodore Roosevelt. Alipoacha urais wa Marekani mwaka 1909 alikuja Afrika Mashariki na msafara ulioandaliwa kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian ya mjini Washington. Msafara ule ulipita Kenya, Uganda na Kongo, ukaishia Sudan mwaka 1910. Ulikusanya vielelezo zaidi ya 11,000, wengi wao wakiwa viumbe wadogo. Ili kuzihifadhi ngozi, msafara ulichukua tani 4 za chumvi, na mizigo ikabebwa na wapagazi zaidi ya 200 wa nchi hizi. Mtu akitazama leo mnyama wa safari ile nyuma ya kioo huko Washington, anatazama pia mabega ya wapagazi wale, ingawa majina yao hayakuandikwa kwenye kioo.

MIEZI YA BAADAYE

Ngozi iliyokauka kwa chumvi huwa ngumu kama ubao. Sasa ndipo huanza fungu la pili, ambalo mwenye mali huliona kuwa ni uchelewaji.

Kwanza ngozi hulowekwa ipate kulainika tena. Kisha huingizwa katika maji ya tindikali na chumvi kwa siku kadhaa, ikatolewa, ikakwanguliwa upande wa ndani mpaka iwe nyembamba, hasa usoni, ili ifuate kila mkunjo wa shavu na kope. Hurudishwa tena majini. Baada ya hapo hudabaghiwa, yaani hutiwa dawa ya kuigeuza ngozi mbichi iwe ngozi isiyooza. Mafundi wengi wametumia shabu na dawa nyingine za viwandani. Wazee wa pwani, kwa ngozi za kawaida, wametumia maganda ya mkandaa, mti ule ule uliotupatia jina la chai isiyo na maziwa. Maganda hayo hutoa maji mekundu meusi. Ungeyaona ungesema nawe: haya ni maji ya chai.

Wakati ngozi iko dawani, fundi hushughulikia umbo la ndani. Zamani mafundi walijaza nyasi na matambara ndani ya ngozi kama mtu ajazavyo godoro, na ndiyo maana wanyama wengi wa karne ya 19 wanaonekana kama mito yenye miguu. Aliyebadili mambo ni Mmarekani Carl Akeley. Yeye alimfinyanga mnyama kwa udongo, msuli kwa msuli, akatoa kalibu ya plasta, kisha akatengeneza umbo jepesi lenye uwazi ndani na kulivika ngozi. Siku hizi maumbo mengi hutengenezwa kwa povu gumu la plastiki, lakini hayavikwi hivi hivi. Fundi hupima kutoka pembe ya jicho hadi ncha ya pua, huzungusha kamba shingoni, kisha huchonga hapa na kuongeza pale. Umbo likizidi ngozi, ushono utapasuka. Ngozi ikizidi umbo, itakunjamana kama soksi ya mtoto.

Ndipo hubandika macho ya kioo, huivika ngozi, huishona, na kuishikilia kwa pini penye midomo, kope na masikio. Baada ya hapo mnyama huachwa akauke kwa majuma kadhaa. Huo ndio wakati mgumu kwa mwenye mali, kwa sababu akipita dukani humwona mnyama wake amekwisha kusimama mzima mzima, naye fundi anasema, “Bado.” Lakini ngozi inapokauka husinyaa. Pini zikitolewa mapema, midomo hujivuta na kuacha meno wazi, kope hunyanyuka, na ngozi huachana na umbo kwenye mikunjo. Mwisho kabisa fundi hupaka rangi puani na machoni, kwa kuwa rangi ya uhai hutoweka pale ngozi inapokauka. Mnyama asiyepakwa rangi vizuri huonekana ametoka kaburini.

Sasa fanya hesabu, ndugu msomaji. Ukijumlisha siku ambazo mikono ya fundi inamgusa mnyama, hazijazi mwaka. Hazijazi hata nusu yake. Zilizobaki zinakwenda wapi?

FOLENI NA KARATASI

Nyingi zinakwenda kwenye foleni. Wewe mkazi wa mjini unamjua fundi cherehani. Mpelekee kitambaa mwezi wa Februari, utashona kwa juma moja. Mpelekee siku 10 kabla ya Idi au Krismasi, utaambiwa “njoo kesho” mpaka sikukuu ipite. Fundi wa wanyama yuko vivyo hivyo. Msimu wa uwindaji wa kitalii nchini huanza mwezi Julai, na ngozi za msimu mzima humiminika karibu kwa wakati mmoja. Kiwanda cha ngozi nacho kina foleni yake, kwa hiyo mnyama mmoja hupanga mstari mara mbili.

Zipo pia karatasi. Wanyamapori wetu si mali ya amtakaye, na sehemu ya mnyamapori, iwe ngozi, pembe au fuvu, kisheria huitwa nyara. Nyara inayotoka nchini huhitaji vibali vya idara ya wanyamapori na cheti cha daktari wa mifugo kwamba haibebi maradhi. Kabla ya kusafirishwa huchovywa katika dawa ya kuua wadudu na kufungwa, na mjini Arusha, ulio mji mkuu wa safari za porini, kazi hiyo ina wataalamu wake. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka kuna zaidi ya hayo, yaani masharti ya mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Washington mwaka 1973, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979.

Na sheria yaweza kuisimamisha kazi yote. Tanzania ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973, ukaruhusiwa tena mwaka 1978. Kenya ilipiga marufuku mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Mjini Nairobi, kando ya barabara ya Thika, upo mtaa wa nyumba za kupanga uitwao Zimmerman. Maelfu ya wafanyakazi hulala humo bila kujua kwamba jina hilo ni la Mjerumani Paul Zimmermann, fundi wa kukausha wanyama, ambaye karakana yake ilijulikana duniani kote kwa kazi zilizotoka katika nchi hizi. Karakana imetoweka, limebaki jina na vituo vya matatu.

WALIONGOJEWA MIAKA

Ukiona mwaka ni mrefu, wasikilize hawa.

Mwezi Desemba 1898, mhandisi John Henry Patterson aliwaua simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakiwala wafanyakazi wa reli ya Uganda. Aliwachuna, na ngozi zao zikawa mazulia. Kwa takriban miaka 25 simba waliotetemesha reli nzima walikanyagwa kwa viatu. Mwaka 1924 makumbusho ya Field ya Chicago yalizinunua ngozi hizo pamoja na mafuvu kwa dola 5,000, na mwaka 1925 simba wale wakasimamishwa hadharani. Lakini ngozi zilikuwa zimekatwa kingo ili ziwe mazulia, na zilikuwa zimechakaa. Kwa hiyo simba wanaoonekana Chicago leo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Kilichowapunguza si ile miaka 25. Kilichowapunguza ni kisu cha mwanzo, kilichokata bila kufikiri kwamba kuna siku mtu atataka simba, si zulia.

Akeley naye alikuwa na ndoto ya ukumbi mmoja mkubwa wa Afrika katika makumbusho ya elimu viumbe ya New York, ambamo tembo wangesimama katikati na wanyama wengine kandokando, kila mmoja katika mazingira yake. Aliihangaikia ndoto hiyo kwa miaka mingi. Novemba 1926, akiwa safarini kwa ajili ya ukumbi huo huo, alifariki dunia kwenye miteremko ya mlima Mikeno, mashariki mwa Kongo, akazikwa huko. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1936, ukapewa jina lake. Fundi mwenyewe hakuiona kazi yake ikimalizika.

Yupo na aliyesubiriwa kwa namna nyingine. Tembo Ahmed wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, alikuwa na pembe zenye uzito wa karibu kilo 67 kila moja. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, na walinzi wakamfuata mchana na usiku. Alikufa kwa uzee Januari 1974. Leo katika ua wa makumbusho ya taifa mjini Nairobi imesimama sanamu ya ukubwa wake halisi, iliyotengenezwa kwa faibaglasi, na watoto wa shule hupanga mstari kuitazama. Kwake yeye watu walisubiri kwanza aishi, ndipo wakamtengeneza.

Na wa mwisho ni wetu sisi, ingawa hana ngozi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, huko Tendaguru katika mkoa wa Lindi, mamia ya wananchi walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale chini ya watafiti wa Kijerumani. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa hiyo, tani mia mbili na zaidi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote alisimamishwa mjini Berlin mwaka 1937, yaani miaka 24 baada ya uchimbaji kwisha. Akabomolewa na kusimamishwa upya, akaonyeshwa tena mwaka 2007, akiwa na urefu wa mita 13 na zaidi kwenda juu. Kazi ilihitaji muda huo, kwa sababu mifupa ilifika vipande vipande na kila kipande kilisafishwa na kuungwa kwa mkono. Lakini wajukuu wa wale waliobeba hawajamaliza kusubiri. Wao wangali wanangoja kumwona.

FAHALI WA BABA

Sasa nitimize ahadi yangu.

Baba alikuwa na fahali mmoja wa kijivu mwenye mabaka meupe mgongoni. Alimlea tangu ndama, na siku dada yangu alipoolewa alikubali achinjwe, kwa sharti moja tu: ngozi yake isiuzwe. Itengenezwe pamoja na manyoya yake, awe anakanyaga juu yake asubuhi atokapo kitandani, kwani baridi ya Meru humla miguu. Nami, mtoto wa kiume niliyetoka Dar es Salaam, nikajitolea kuishughulikia.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Ngozi tuliitupa juu ya paa la banda, tukaingia ngomani. Jumapili tulikuwa na wageni. Jumatatu mchana, jua likiwa limeipiga siku mbili, nilikumbuka kununua chumvi.

Fundi niliyempelekea, mzee ambaye sitamtaja jina wala mahali, aliishika kwa vidole, akainusa, akanitazama. “Kijana wangu, hii imelala nje?”

“Kidogo tu, mzee.”

“Nitajaribu. Urudi baada ya miezi minne.”

Nikamwambia kwamba likizo yangu ni ya majuma matatu, na kwamba nimekwisha kumwahidi baba. Nilikwenda kwake kila siku mbili. Nilimwongezea fedha. Juma la tatu nikamkuta ameitundika kivulini, akasema, “Haijaiva.” Nikamwambia, “Mzee wangu, inaonekana nzuri, nisaidie tu.” Akanikunjia bila kusema neno, akanirudishia zile fedha za nyongeza.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Aliitandika siku hiyo hiyo, akasimama juu yake miguu mitupu, akacheka. Nikapanda basi nikiwa mtu mwenye furaha.

Masika yalipokuja, ngozi ilivuta unyevu wa sakafu. Manyoya yakaanza kunyonyoka, kwanza kwenye yale mabaka meupe. Kisha ikanuka. Nilipokwenda tena niliikuta imesimamishwa nyuma ya mlango. Nikauliza kwa nini haiko chini.

“Inapumzika,” baba akajibu. Mpaka leo hajasema zaidi ya hilo.

Nilipokuwa nikiyakusanya maelezo ya makala hii ndipo nilipoelewa vizuri nilichokifanya. Nilimlaumu fundi moyoni kwa muda mrefu, kumbe makosa yote mawili yalikuwa yangu. Nililala siku mbili ambazo chumvi ilihitajika, nikakimbia miezi ambayo dawa ilihitaji. Na fahali hana ngozi ya pili.

NAMNA YA KUMNGOJA FUNDI

Je, basi mwenye mali anyamaze tu, angoje mpaka fundi apende? Hasha. Subira si ujinga. Wapo mafundi ambao “bado” yao haina mwisho, na fedha za mteja wa leo ndizo zinazonunua vifaa vya kazi ya mteja wa juzi. Jambo la maana ni kuutambua muda wa kazi na muda wa ulaghai. Yafuatayo yatakusaidia, iwe umepeleka ngozi, kiti cha mninga au suti ya harusi.

Kwanza, usimuulize fundi “lini?” peke yake. Muulize “imefika wapi?” Fundi anayefanya kazi atakuambia: iko chumvini, iko dawani, inakauka, inangoja rangi. Naye atakuonyesha. Fundi asiyefanya kazi anajua siku tu; kila siku kwake ni Jumamosi ijayo.

Pili, kabla hujatoa fedha, mwambie akuonyeshe kazi aliyoimaliza miaka miwili au mitatu iliyopita, si ile ya jana. Ngozi iliyotengenezwa kwa pupa hupendeza siku ya kwanza. Itazame penye midomo, kope na masikio, na juu ya ushono.

Tatu, patana kwa maandishi: bei, kiasi cha kutanguliza, na muda wa makadirio. Ukiona muda aliokubali umepita kwa miezi mitatu, na kila uendapo huonyeshwi hatua mpya, hapo una haki ya kudai mali yako au fedha zako.

Nne, jihadhari na fundi anayeahidi upesi kupita kiasi. Akikuambia kwamba kichwa cha mnyama kitakuwa tayari baada ya majuma mawili, hatua mojawapo ataiacha, nawe utaijua ni ipi wakati wa mvua.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, usiguse mnyamapori bila kibali. Ukimkuta paa amegongwa na gari njiani, au ukiokota ngozi ya mbega msituni, usiseme kwamba kwa kuwa amekwisha kufa ni halali yako. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata mnyama aliyekutwa amekufa ni nyara ya Serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa zito. Toa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori au kituo cha polisi kilicho karibu. Kadhalika anayefanya biashara ya nyara hapana budi awe na leseni. Usione haya kumwomba akuonyeshe. Ngozi ya ng'ombe, mbuzi au kondoo wako haina matatizo hayo, nayo hufundisha subira ile ile.

Kwa wenye watoto, jumba la Ngurdoto si mbali na barabara kuu, na mjini Arusha, ndani ya boma la kale la Wajerumani, yapo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Wapelekeni. Mtoto akiuliza ilichukua siku ngapi, mwelezeni hatua moja moja, mkianzia na chumvi.

Mimi binti yangu nilimweleza tulipokuwa tukirudi kwa miguu kutoka kituoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja chumbani kwa babu yake, akachungulia nyuma ya mlango, akarudi akaniuliza kama ile ngozi nayo ilitiwa chumvi.

Nikamwambia, “Ndiyo, mwanangu. Lakini Jumatatu.”